Krismasi Bila Presha: Mzigo Ukitua, Nani Anauokota?

Andiko la kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 16:13-15, 2 Wakorintho 8:12-15



Mwisho wa Oktoba, kwenye ushirika wetu wa nyumbani wa Alhamisi, dada mmoja alitoa ombi ambalo wengine walilicheka kidogo. Hakuomba kazi wala uponyaji. Alisema, "Niombeeni nipate Krismasi moja tu bila presha." Tukacheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu kila mtu pale sebuleni alijua anachosema. Shule zikifungwa tu, nauli inapanda, wakati mwingine hata mara mbili. Machakos Country Bus panafurika. Hapa kwetu kwenye steji za Waiyaki Way, kutoka Kangemi mpaka Kinoo, watu wanasimama na magodoro na marobota ya unga wakingoja gari lenye kiti kimoja. Kule nyumbani wanangoja sukari na mkate. Hapa mjini watoto wanangoja nguo. Na nyuma ya Disemba amesimama Januari, amekunja mikono, anangoja karo.

Tulimwombea. Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani usiku ule swali moja lilinikalia moyoni, na tangu siku hiyo halijaniacha. Mtu akiutua mzigo wake, huo mzigo huenda wapi?

Nawaandikia jambo hili si kama mtu aliyelishinda. Mimi ni yule ndugu aliyesimama kwenye kesha la kuvuka mwaka, tarehe 31 Disemba iliyopita, akashuhudia jinsi Mungu alivyompa Krismasi ya utulivu. Wengi wenu mlipiga makofi. Leo nataka niumalizie ule ushuhuda, maana niliutoa nusu.

Mwaka jana sikukuu ilikuwa kwangu. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Vihiga, pamoja na ndugu zangu wawili na familia zao. Tulikuwa watu 15 ndani ya nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Mimi na mama watoto tulijipanga sawasawa. Vitu vya duka tulinunua kidogo kidogo tangu Septemba: unga wa ngano, mchele, mafuta, sabuni. Tulikuwa na mtungi wa pili wa gesi, ule wa akiba, kwa sababu gesi ina tabia ya kuisha wakati kuku yuko jikoni. Tokeni za stima tulinunua mapema. Maji ya mfereji kwetu ni siku mbili kwa wiki, kwa hivyo tulijaza mapipa. Vitunguu na viazi nilivitoa Marikiti mwenyewe alfajiri, kabla bei haijaruka. Tarehe 25 tulitoka ibadani, tukala, watoto wakalala, na mimi nikakaa kwenye kochi na soda yangu nikasema moyoni, hii ndiyo amani.

Hiyo ndiyo nusu mliyoisikia.

Nusu ya pili ni ya dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Yeye kwao ni Busia, na ana mtoto wa kike wa miaka mitano anayelelewa na nyanya yake. Alikuwa amepanga kusafiri tarehe 22. Tarehe 20 usiku, baada ya kuhesabu wageni, tulimwita tukamwomba asogeze safari kidogo, aende tarehe 27. Akasema, "Sawa, mama." Basi. Maneno mawili. Akabaki, akapika, akaosha vyombo vya watu 15 mara tatu kwa siku. Alilala kwenye godoro jikoni kwa sababu chumba chake tuliwapa wageni. Tarehe 27 akaenda, Januari akarudi, na maisha yakaendelea.

Ilikuwa Februari, jioni moja, anachambua maharagwe na mama watoto, wakipiga stori za watoto. Ndipo akasimulia. Siku ile ya tarehe 22, mtoto wake alikuwa amevishwa nguo na nyanya yake, wakaenda kukaa kando ya barabara mahali magari yanaposhusha watu. Ujumbe kwamba mama haji ulikuwa haujafika, simu ya nyanya haikuwa na chaji. Walikaa mpaka giza. Na alipofika hatimaye tarehe 27, yule mtoto hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya leso ya nyanya yake, akakataa kutoka mpaka kesho yake.

Dada yetu aliisimulia hiyo habari akicheka. Hakuwa analalamika. Ni hicho kicheko kilichotumaliza. Usiku mama watoto aliponiambia, sikupata la kusema. Utulivu wangu wa kwenye kochi ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini ulikuwa umelipiwa, na aliyeulipia ni mtoto wa miaka mitano kando ya barabara ambaye mimi sijawahi kumwona. Mfalme Daudi alipopewa uwanja wa bure wa kutolea sadaka alikataa. Hakutaka kumtolea Bwana kitu ambacho hakikumgharimu yeye (2 Samweli 24:24). Mimi nilikuja madhabahuni na ushuhuda uliogharimu mtu mwingine.

Tangu hapo nimekuwa nikiichunguza mizigo ya Disemba, nikaona si ya aina moja. Uko mzigo ambao ukiutua, unapotea. Kwa mfano sare za familia nzima za kupiga picha. Mapazia mapya. Kreti tatu za soda wakati moja ingetosha. Nyama choma ya kuwaonyesha majirani kwamba mwaka haukuwa mbaya. Hivi ukiviacha, hakuna mtu yeyote mahali popote anayelazimika kuviokota. Vinayeyuka tu. Mithali 17:1 inaliweka wazi, kwamba afadhali kipande kikavu penye utulivu kuliko nyumba iliyojaa karamu na ugomvi. Sitakaa sana hapo, tumehubiriwa vya kutosha, na shida yetu hapo si kutojua.

Lakini uko mzigo wa pili, ambao haupotei. Ukiutua, unahama. Watu 15 lazima wale. Vyombo lazima vioshwe. Nyanya mgonjwa lazima mtu alale naye chumba kimoja. Mtoto wa miezi minane hajui kwamba ni sikukuu. Kazi ya namna hii, ukisema "mimi mwaka huu najipumzisha," kwa maneno mengine umesema "fulani mwaka huu hapumziki." Huenda ni sawa aifanye huyo fulani. Huenda si sawa. Lakini huwezi kujua kama ni sawa iwapo hujakiri kwamba yupo.

Mimi naona hapo ndipo ushauri mwingi tunaopeana kuhusu Krismasi unapopotea njia. Tunaambiana: usijichoshe, gawa kazi, tafuta mtu. "Tafuta mtu." Mtu gani? Huyo mtu ana Krismasi yake?

Kuna wa tatu pia, mzigo unaohama kwa wakati. Unaukopa kwenye simu Disemba na unajitwisha Januari. Tangu Fuliza ije mwaka 2019 imekuwa rahisi mno. Unanunua nyama kwa pesa ambazo huna na hata huoni aibu kwa muuza nyama. Sisemi kukopa ni dhambi. Nasema aliyekula nyama mara nyingi siye anayelipa. Anayelipa ni mtoto wa sekondari anayerudishwa nyumbani wiki ya pili ya muhula. Yeye pia hakuulizwa.

Sasa najua kuna ndugu anasoma hapa na tayari ananijibu: "Lakini ndugu, dada wa kazi analipwa. Ndiyo kazi yake." Hilo ni jibu la maana na silidharau. Nimelijibu mwenyewe moyoni mara nyingi, mpaka likanishinda.

Kwanza, tuanze na sheria ya nchi, maana Mkristo hawezi kuwa chini ya sheria akitafuta neema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa malipo kamili. Haisemi "isipokuwa wa nyumbani." Nikajiuliza, dada yetu amepata siku 21 lini? Zile siku sita za kwenda Busia na kurudi, mbili zikiisha barabarani, nilikuwa nimeziita likizo. Tena nilikuwa nimeziita fadhili.

Pili, mshahara unanunua kazi. Hilo ni kweli. Lakini hatukumwomba kazi tarehe 20, tulimwomba siku. Siku ile moja ambayo mtoto alikuwa ameahidiwa. Kuna vitu ambavyo ukivilipia bado hujavilipia.

Tatu, na hapa ndipo pananiuma zaidi, je, "sawa mama" ilikuwa ndiyo? Mtu anayekula kwako, analala kwako, ambaye karo ya ndugu zake inatoka mfukoni mwako, ukimwuliza tarehe 20 usiku akiwa amesimama mlangoni kwa jikoni, na wewe umeketi, atasema nini? Nilitaka kuamini alikubali kwa hiari. Lakini hiari ni pale ambapo hapana ingewezekana. Jiulize mwenyewe: angesema hapana, ungefanya nini na uso wako?

Bwana wetu aliwakemea viongozi wa dini wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, huku wao hawataki kuigusa hata kwa kidole (Mathayo 23:4). Zamani nilidhani hilo andiko linahusu mafundisho magumu tu. Siku hizi naliona hata kwenye sinki la jikoni langu.

Lakini nisipite kiasi upande wa pili. Kufanya kazi siku ya Krismasi si uonevu. Manesi watakuwa wodini. Askari wa geti atakuwa getini. Dereva wa 46 atakuwa barabarani, na tutashukuru, maana tutamhitaji kurudi Kawangware baada ya ibada. Kuna dada wa kazi ambaye anapenda kubaki, kwa sababu siku za sikukuu analipwa zaidi, au kwa sababu kwao hakuna wa kumngoja. Habari ya kwanza kabisa ya kuzaliwa kwa Yesu ilipelekwa kwa watu wa zamu ya usiku (Luka 2:8). Mara nyingi najiuliza, walipokimbia kwenda Bethlehemu, nani alibaki na kondoo? Maandiko hayasemi. Kama kuna aliyebaki, natumaini wenzake walirudi haraka wakampa nafasi naye aende akaone.

Kupeana zamu, basi, ndilo jambo lenyewe. Paulo akiwaandikia Wakorintho kuhusu mchango anasema jambo ambalo tunalisoma wakati wa matoleo tu: hataki wengine wapate raha na hao wengine wapate dhiki, anataka mambo yawe sawasawa, ziada ya huyu ikutane na upungufu wa yule, na siku nyingine kinyume chake (2 Wakorintho 8:13-14). Aliandika kuhusu fedha. Lakini usingizi ni mali. Tarehe 25 ni mali. Kukaa umekunja miguu huku mtu anakuletea chai ni mali, na nyumbani mwetu mali hiyo ina wenyewe wale wale kila mwaka.

Torati inakwenda mbali zaidi. Soma Kumbukumbu la Torati 16:14. Mungu anaamuru watu wafurahi katika sikukuu, halafu anaanza kutaja: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mjakazi yuko ndani ya orodha ya wanaofurahi. Hayuko kwenye orodha ya vyombo vya kufurahishia. Na kinyume chake yuko nabii Isaya 58:3, ambako Mungu anakataa mfungo wa watu kwa sababu siku ya mfungo wanafuata anasa zao na kuwasukuma wafanyakazi wao. Kama mfungo unaweza kukataliwa kwa sababu hiyo, sikukuu itapona wapi?

Mtu mwingine ataniambia, "Krismasi yenyewe haiko kwenye Biblia, tuiache tu tuondoe hayo yote." Ni kweli tarehe haiko, kumbukumbu ya zamani tunayoijua ya 25 Disemba ni ya Roma, mwaka 336. Na wako waliojaribu kuiacha. Mwaka 1647 bunge la Uingereza, likiongozwa na waumini wa dini kali, lilifuta Krismasi na sikukuu nyingine. Lakini tazama walichogundua. Wafanyakazi wa nyumbani na vijana wa kujifunza kazi hawakuwa na mapumziko mengine ila hizo sikukuu. Kwa hivyo bunge lile lile likalazimika kuweka Jumanne ya pili ya kila mwezi iwe siku yao ya kupumzika. Hata waliofuta sikukuu waliona kwamba chini yake kulikuwa na mtu. Na hii Boxing Day tuliyorithi kwa Waingereza, wengi hueleza kwamba ilipata jina kwa visanduku vya zawadi walivyopewa watumishi siku ya pili, kwa sababu siku ya kwanza walikuwa wakihudumia meza. Yaani makombo ya sikukuu yamewekwa kwenye kalenda.

Nimesema sana juu ya dada wa kazi. Lakini nyumba nyingi kwetu hazina dada wa kazi. Zina mama. Na katika ile orodha ya Kumbukumbu, mmeona mke hakutajwa? Walimu wa Neno wanasema yumo ndani ya lile neno "wewe." Vizuri. Kama yumo ndani ya "wewe," basi amri ya kufurahi ni yake pia. Sisi wanaume tumemweka ndani ya "wewe" wakati wa kupanga bajeti na tumemtoa wakati wa kukaa.

Miaka mitatu iliyopita, usiku wa tarehe 24, saa saba, niliamka kunywa maji nikamkuta mama watoto anasukuma chapati. Mnajua chapati za Krismasi, kwetu hata ukiwa na pilau na mbuzi, bila chapati watoto watasema Krismasi haikuja. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Mama watoto, si ulale, hizo zitatosha." Bila kugeuka akaniambia, "Baba watoto, hii Krismasi ni yenu. Mimi ni mpishi wake." Nikarudi kulala. Ndiyo, nilirudi kulala. Nilidhani nimemhurumia kwa kumwambia alale.

Tunapenda kuhubiri Martha na Mariamu (Luka 10:38-42), na nimegundua sisi wanaume tunaipenda hiyo habari kwa sababu sisi hatumo. Martha anakemewa kwa kuhangaika, Mariamu anasifiwa kwa kuketi, na sisi tumeketi karibu na mlango tukingoja chakula. Bwana alimgusa Martha kwenye wasiwasi wake, na kweli wasiwasi ulikuwa umemla. Lakini hakusema chakula ni kibaya. Ukimwambia mwanamke mwenye wageni 15 "usihangaike kama Martha" halafu usishike hata kisu, hujamhubiria. Umemwongezea kazi ya kuficha uchovu.

Kuna mzigo mwingine wa mbali kidogo. Mzazi aliye ushago. Miaka hii nawasikia vijana wetu wakisema, "Mimi Krismasi hii siendi popote, nazima simu." Nawaelewa. Ukikokotoa nauli ya watu watano kwenda na kurudi, pamoja na zile noti za kuwapa wazee, wajomba na kila anayesema alikubeba ukiwa mdogo, ni karo ya muhula. Kutokwenda si dhambi, na Yusufu mwenyewe sidhani angefanya safari ile ya kwenda mji wa babu zake na mke mjamzito kama serikali isingemlazimisha. Lakini kuzima simu ni kuhamisha presha. Presha inatoka kwako Kangemi inakwenda kukaa na mama yako mlangoni, ambaye majirani watamwuliza siku tatu mfululizo, "Wako wamefika?" na hana jibu la kuwapa kwa sababu wewe hukumpa.

Neno tunalotumia ni "tutaona." Mama anauliza Novemba, "Mtakuja?" Unajibu, "Tutaona, mama." Unajua huendi. Bajeti imeshakataa. Lakini "tutaona" inakupa wewe utulivu wa wiki sita, na inampa yeye matumaini ya wiki sita. Ananunua majogoo wawili anawafunga mguu. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na hapana yetu iwe hapana (Mathayo 5:37), na mimi naamini "tutaona" ya namna hii ni uongo uliovaa nguo za upole. Hapana ya mapema ingemuuma siku mbili.

Basi mwaka huu tumefanya nini? Nitawaambia, ingawa haijakaa sawa yote.

Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya ibada, tuliketi mezani: mimi, mama watoto, watoto wetu wawili wakubwa, na dada yetu. Aliketi, hakusimama. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto kuhusu mtoto wake na ile barabara. Alitazama chini sana, na sijui kama alifurahia ule msamaha au nilimwongezea aibu nyingine. Kuomba msamaha pia kunaweza kuwa namna ya kujitua mzigo. Halafu tukatoa karatasi. Kila kazi ya sikukuu tukaiandika na tukaiuliza swali moja: ukiachwa, huu unapotea au unahama? Iliyopotea tukaikata. Sare za picha zilikatwa, binti yangu akanuna. Kreti zikabaki moja. Iliyohama tukaiandikia jina la mtu, na mtu akasema mwenyewe kama anakubali. Karo ya Januari tuliitoa kwanza tukaiweka mahali ambapo simu haifiki.

Dada yetu anaondoka tarehe 14 Disemba, kabla nauli haijapanda, na gari la mchana. Anarudi Januari wiki ya kwanza. Mshahara wake kamili, na nauli ya kwenda na kurudi juu yetu. Tukijumlisha bado hazifiki siku 21 za kazi, kwa hivyo zilizobaki atazichukua Aprili. Vyombo ni vya vijana wangu. Kijana mkubwa aliuliza, "Kwani auntie akienda nani ataosha?" Swali hilo lilitufundisha kuliko karatasi yote.

Chapati ni zangu.

Kwa mama yangu nilipiga simu tarehe 12 Novemba. Nilimwambia, "Mama, Krismasi hii hatuji, na hatutaweza kuwaleta hapa. Nitakuja peke yangu Februari nikae wiki nzima." Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa ile sauti. Hajafurahi. Na hapa ndipo karatasi yangu ilipotoboka, kwa maana nisipowapokea hapa Nairobi, wageni wote wa ukoo watakwenda kwa ndugu yangu anayekaa pale nyumbani, na atakayepika ni shemeji yangu. Mke wangu amepumzika. Mke wa ndugu yangu ameokota. Nimerudi nilipoanzia.

Nilimpigia shemeji mwenyewe, si kupitia kwa ndugu yangu. Nikamweleza. Nikamwambia nitatuma pesa za kutafuta wasaidizi wawili pale kijijini kwa siku tatu, na kwamba kama anaona hata hivyo ni mzito aniambie, tutapanga upya, na sitachukia. Alicheka. Akasema hajawahi kuulizwa hilo swali tangu aolewe, miaka 11. Akaomba muda afikirie. Siku nne baadaye akaniandikia meseji: wasaidizi wawili sawa, lakini wageni waje tarehe 26, si 25, kwa sababu tarehe 25 anataka kwenda kwao. Nimempigia ndugu yangu kumwambia. Hajanijibu bado.

Wakati nangoja, nafanya mazoezi ya chapati kila Jumamosi. Ya kwanza ilikuwa ngumu ungeweza kuifunikia sufuria. Ya Jumamosi iliyopita ililainika kidogo, ingawa haikuwa mviringo. Dada yetu alisimama karibu akiangalia, mikono nyuma, akijizuia kunipokonya mpini. Akasema tu, "Baba, punguza moto."